Kitovu Kilichochelewa Kudondoka

Leo tuzungumze juu ya kitovu cha mtoto mchanga, na jinsi kilivyowafunza madaktari jambo kubwa kuhusu damu.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1846 Mwingereza Augustus Waller alitazama ulimi wa chura kwa hadubini, akaona seli nyeupe za damu zikitoka nje ya mshipa. Mwaka 1867 Mjerumani Julius Cohnheim alionyesha kwamba usaha hutokana na seli hizo. Lakini damu hukimbia kama mto. Hawa askari wa mwili hujuaje pa kushukia? Zaidi ya miaka 100 ilipita bila jibu kamili.

Jibu lilipitia kwa watoto wagonjwa. Mwaka 1979 madaktari wa London waliandika katika jarida la Lancet juu ya watoto ambao kitovu kilichelewa kudondoka, kisha wakashikwa na maambukizi mabaya. Mwaka 1980 Wamarekani wakaeleza kisa cha mvulana ambaye seli zake nyeupe zilikosa protini fulani, kwa hivyo hazikuweza kunata.

Kunata ndiko siri yenyewe. Mahali palipoumia, ukuta wa mshipa hutoa protini kama gundi. Seli nyeupe hushikwa kidogo, hubiringika polepole, husimama, kisha hupenya nje. (Fikiria matatu: inapunguza mwendo, kondakta anagonga, abiria anashuka.) Vijichembe vya kugandisha damu navyo hutumia gundi ya jamii hiyo.

Kitovu hudondoka kwa kuwa seli nyeupe hukusanyika shinani na kukilegeza. Mtoto aliyekosa gundi ana seli nyeupe tele ndani ya damu, lakini kidonda chake hakitoi usaha, na ukavu huo unaweza kutudanganya. Ugonjwa huu ni nadra sana. Ukiwa mkali, watoto hupandikizwa uboho.

Kwa kawaida kitovu hudondoka ndani ya wiki moja au mbili. Kikichelewa siku chache usiogope, watoto wengi wenye afya huchelewa. Kikipita wiki tatu, mpeleke kliniki achunguzwe. Lakini ukiona wekundu kuzunguka kitovu, harufu mbaya, homa, au akikataa kunyonya, usihesabu wiki: nenda siku hiyo hiyo. Na yale majivu na kinyesi cha ng'ombe, mama, usipake hata kama nyanya anasisitiza.