Baromita za Kiingereza na Ugomvi wa Nile

Mafundi wa London wa karne ya 18 na ya 19 walikuwa hodari. Ili kutengeneza baromita, chombo cha kupimia uzito wa hewa, walichemsha zebaki ndani ya mrija wa kioo mpaka hewa yote itoke. Pwani zebaki hiyo husimama sentimita 76 hivi. Hapa kwetu Gitega, karibu 64.

Lakini kioo hakikufaa kuchukuliwa kichwani na mpagazi. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, vyombo vyao vizuri vilikuwa vimekwisha haribika. Speke akachemsha maji, akatumbukiza kipimajoto cha kuogea. Maana kadiri nchi inavyoinuka, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. (Muyinga huchemka kwenye digrii 94 hivi.) Akasema Tanganyika ina futi 1,850 hivi, kumbe zapita 2,500. Mwaka 1864 Baker akalipa Ziwa Albert futi 2,720, nalo lina 2,030 tu.

Basi ziwa la juu likawa la chini! Vipimo sahihi vingempa nguvu Burton, aliyedai kuwa mto Rusizi hutoka Tanganyika kwenda Nile, naye alikosea. Stanley na Livingstone waliufikia Rusizi mwaka 1871, wakauona ukiingia ziwani. Wenyeji wa Uvira walikwisha mwambia Burton hivyo mwaka 1858, bila chombo chochote. Na maji ya Nile yalikuwa yakipita katika mto Ruvubu, kati ya Gitega na Muyinga.