Kutoka Manga Hadi Chuo Kikuu: Nani Alimlisha Mwanafunzi?

Ramadhan ikiingia, swali la kwanza kwenye vyumba vya wanafunzi huwa dogo tu: daku leo ni nini, na zamu ya nani kupika? Aliyewahi kuishi na sufuria moja na jiko la mafuta ya taa anajua ninachosema. Lakini wazee wetu waliosoma zamani wakitusikia hushangaa. Wao walimaliza chuo bila kujua sukuma wiki inauzwa pesa ngapi.

Ukisimama pale ukingoni mwa Manga unauona mji wa Kisii chini yako. Miaka ya 1960, kijana wa hapa aliyefaulu mitihani hakuwa na chuo kikuu karibu. Kulikuwa na Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na vyote vitatu vilikuwa chini ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 mpaka kilipovunjwa 1970. Waliofika huko walikuwa wachache mno. Lakini aliyefika alilipiwa na serikali masomo, kitanda na chakula. Kazi yake ilikuwa kusoma tu.

Mwaka 1974 serikali ikaanzisha mkopo wa wanafunzi. Zile pesa za mkononi wenyewe waliziita "boom", na jina hilo limebaki mpaka leo. Wako walionunua viatu na redio. Wako pia waliotuma nyumbani karo ya wadogo zao, na ndiyo maana mtoto mmoja akiingia chuo kijiji kizima kilishangilia.

Isidhaniwe kwamba ilikuwa raha tupu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka mmoja. Hebu fikiria: uko mwaka wa mwisho, vitabu vimekaa sandukuni, na wewe unalima shamba la babako huku majirani wakikuuliza utarudi lini.

Mambo yaligeuka mwaka 1991. Serikali ilibanwa na Benki ya Dunia ipunguze matumizi, ikaleta mpango wa kuchangia gharama. Mwanafunzi akatakiwa kulipa karo, na kwenye jumba la chakula ikawa ni lipa ndipo ule. Kulikuwa na maandamano na vyuo vikafungwa, lakini mpango haukurudi nyuma. Ndipo jiko likaingia chumbani, kanuni za mabweni zikisema lisiingie. Ndipo pia gunia la ndizi na unga wa wimbi likaanza kusafiri kwa basi kutoka Kisii. Mwaka 1995 ikaundwa HELB kutoa mikopo na kuwafuata waliokuwa hawajalipa ile ya zamani.

Kwa mwenye kufunga, hata mpango wa zamani haukumfaa kabisa, maana chakula cha chuo kina saa zake, na saa hizo hazikupangwa kwa ajili ya daku. Lakini angalau jioni sahani ilikuwepo.

Huku kwetu nako chuo kilikuwa kinakua polepole. Mwaka 1965, kwenye ekari 61 zilizotolewa na baraza la kaunti ya Gusii, palifunguliwa chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1983 kikawa cha walimu wa sekondari, 1994 kikawa tawi la Egerton, 2007 chuo kishiriki, na 2013 kikapewa hati yake kama Chuo Kikuu cha Kisii. Basi mtoto wa Manga akaweza kupanda matatu asubuhi, akahudhuria somo, na magharibi akafuturu kwao. Mimi naliona hilo kuwa faida kubwa, ingawa anakosa kuishi na watu wa mbali.

Tabu ni karo. Tangu 1998, Nairobi ilipofungua masomo ya kujilipia na vyuo vingine vikafuata, wazazi wengi wa Nyamira wamekuwa wakingoja bonasi ya majani chai. Bonasi huja mara moja kwa mwaka, lakini chuo hudai kila muhula. Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mwingine, wa kupima hali ya kila nyumba, na mabishano juu yake yalifika mahakamani.

Mwaka wangu wa pili tulikuwa wanne chumbani. Watatu tulifunga, wa nne alikuwa Msabato. Saa ya kengele ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyetuamsha daku mwezi mzima bila kukosa. Nasi Ijumaa jioni tulimpikia kabla jua halijazama, sabato yake isimkute na sufuria. Muhula uliofuata hakurudi, bonasi ya kwao ilikuwa ndogo mwaka ule. Kitanda chake kilikaa wazi wiki tatu, halafu akaletwa mwingine.