Nani Mwenye Jina la Akasia? Nasaba ya Migunga na Uamuzi wa Vienna

Jina Acacia lilianza na mti wa Afrika. Wagiriki wa kale waliuita akakia mti mmoja wa miiba uotao Misri, na Philip Miller alilifanya jina hilo kuwa la jenasi mwaka 1754. Mti huo wa kando ya mto Nile, ambao mwaka mmoja kabla Linnaeus alikuwa ameuweka katika Mimosa, ndio uliokuja kuwa spishi ya kielelezo. Katika kanuni za majina ya mimea, kielelezo ndicho chenye jina: jenasi ikigawanywa, kundi lenye kielelezo hubaki na jina la zamani, na makundi mengine hutafutiwa majina yao.

Kwa muda mrefu kanuni hiyo haikumgusa mtu. George Bentham, katika uainishaji wake wa mwaka 1842, aliweka katika Acacia miti ya jamii ya mimosa yenye stameni nyingi zisizoungana. Kigezo hicho kilikuwa rahisi kutumika, lakini kilikusanya chini ya paa moja mimea iliyotofautiana waziwazi: migunga yenye miiba iliyonyooka, iotayo miwili miwili, mingine yenye miiba mifupi iliyopinda kama ndoana, na ile ya Australia, ambayo mingi haina miiba na kinachoonekana kuwa jani lake ni kikonyo kilichotandazwa. Mwaka 1986 Leslie Pedley, Mwaustralia, alipendekeza jenasi igawanywe mara tatu. Aliwaachia migunga jina Acacia, akaipa mimea ya kwao jina Racosperma. Wenzake wengi hawakumfuata.

Uchunguzi wa DNA ya kloroplasti, uliopamba moto kuanzia miaka ya 2000, ndio uliofanya mgawanyo usiepukike. Ulionyesha kwamba akasia za Australia zina undugu wa karibu zaidi na kundi la Ingeae, lenye akina Albizia, kuliko na migunga. Ufanano wa stameni, basi, haukuwa ushahidi wa asili moja.

Hapo sayansi ya nasaba ilimaliza kazi yake, na swali la urithi likaanza. Kati ya spishi zipatazo 1,350, takriban 960 zilikuwa za kundi la Australia. Mwaka 2003 Anthony Orchard na Bruce Maslin walipendekeza kielelezo kihamishiwe Acacia penninervis ya Australia, ili majina machache zaidi yabadilike. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, ila ilihesabu spishi tu. Migunga imeenea Afrika, Asia na Amerika, na wanaoitaja katika vitabu vya misitu, malisho na dawa wamo katika nchi nyingi zisizokuwa na wingi wa wataalamu wa kuwasemea.

Kamati husika iliunga mkono pendekezo kwa kura 9 dhidi ya 6. Katika kongamano la Vienna, mwaka 2005, wajumbe walipiga kura: 247 walilikataa, 203 walilikubali. Pendekezo lilipita. Utaratibu ulitaka asilimia 60 ili kutengua uamuzi wa kamati, na waliokataa walifikia asilimia 54.9. Ni vigumu kuwalaumu walioondoka wakiamini kwamba walio wengi walishindwa na walio wachache. Kongamano la Melbourne la mwaka 2011 lilithibitisha uamuzi huo.

Si kila kilichopotea kilipotea Vienna. Mti utoao gundi ambayo Sudan huiuza nje kwa wingi, leo Senegalia senegal, ungeondolewa katika Acacia kwa vyovyote vile, kwani nasaba yake ni nyingine. Waliopoteza hasa ni ndugu wa mti wa Nile. Wao walipewa Vachellia, jina la mwaka 1834 linalomkumbuka George Harvey Vachell, kasisi Mwingereza aliyekusanya mimea nchini China. Mwaka 2013 Bruce Kyalangalilwa na wenzake walichapisha mapitio ya spishi za Afrika chini ya majina hayo.

Matokeo yake yanaonekana hata nchini Tanzania. Miwati iliyoletwa kutoka Australia, ikapandwa Njombe kwa ajili ya magome yake yenye tanini, bado ni Acacia mearnsii. Mgunga wenye gome la manjano wa Serengeti, uliokuwa Acacia xanthophloea katika vitabu vya zamani, sasa ni Vachellia xanthophloea.