Ufa wa Tarakimu Mbili

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Sikiliza basi, msomaji, habari ya ufa mmoja wa namna hiyo.

Katika miaka ya 1960 kompyuta zilikuwa ghali mno, na nafasi ya kuweka habari ilikuwa haba; kadi moja ya kutobolewa ilikuwa na safu 80 tu. Kwa hiyo mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili: 1965 ukawa 65. Waandishi wa programu hawakudhani kwamba kazi yao ingeishi hadi mwisho wa karne, lakini iliishi. Mwaka 2000 ungewadia, mashine ingeona 00 na kudhani ni 1900. Aliyezaliwa 1965 angehesabiwa kuwa amebakiza miaka 65 kabla ya kuzaliwa!

Mmarekani Bob Bemer alionya tangu 1971, wachache wakamsikia. Miaka ya 1990 ndipo mafundi wengi walipopekua programu mstari kwa mstari, kwa gharama ya mabilioni ya dola. Wengine waliandika mwaka kwa tarakimu nne. Wengine, ili kuokoa wakati, waliiamuru mashine isome, mathalani, 00 hadi 49 kuwa 2000 hadi 2049.

Tarehe 1 Januari 2000 ilipopambazuka, hitilafu zilikuwa chache. Watu wakanung'unika, "Tulitishwa bure." Je, wewe wasemaje? Ukuta usipoanguka, nani humkumbuka aliyeuziba ufa? Lakini waliofuata njia ya mkato waliusogeza ufa tu: programu zao zikiwa zingali hai mwaka 2050, zitasoma 1950.