Husby na haki ya kuchuma beri: urithi ulioachwa na maskini

Bonde la kijito cha Igelbäcken, jirani na maghorofa ya Husby kaskazini-magharibi mwa Stockholm, lilifanywa na jiji kuwa hifadhi ya utamaduni mwaka 2006. Historia yake rasmi ni fupi. Palikuwa na mashamba tangu kale. Mwaka 1905 jeshi likautwaa uwanda wa Järva, lilimo bonde hilo, kwa mazoezi, likauachia mwaka 1970. Maghorofa yakafuata, na mwaka 1977 treni ya chini ya ardhi ikafika Husby. Jambo moja halitajwi katika masimulizi hayo. Mkaazi wa Husby, awe mzaliwa wa Stockholm, Mogadishu au Bukavu, anaweza kubeba ndoo mwezi wa Agosti akaingia misituni kuchuma beri za mwituni bila kuomba ruhusa ya mwenye ardhi wala kulipa chochote, mradi asiingie uani mwa watu, asikanyage mazao na afuate kanuni za hifadhi. Waswidi huiita haki ya kila mtu, na wengi huieleza kama ukarimu wa taifa linalopenda misitu. Ushahidi wasema vingine: haki hiyo imetokana na njaa na ugomvi wa karne ya 19, na kuna waliotaka kuifuta.

Ili kuona haki hiyo ingeishia wapi kama ingefutwa, tuitazame kwanza Uingereza ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Huko beri nyeusi za vichakani zilikuwa chakula na kipato cha maskini, na wingi wake ulikuwa kipimo cha wingi katika mazungumzo, usemi uliokuwapo tangu enzi za Shakespeare. Wazee walionya kwamba baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli zisiliwe, kwani Shetani amekwisha kuzitemea mate. Shule za msingi zilipoenea baada ya sheria ya elimu ya 1870, walimu wakuu waliandika katika daftari za kila siku kwamba madarasa yamepungua watoto kwa sababu wamekwenda kuchuma beri. Ushuru wa sukari ulipofutwa mwaka 1874, jemu ikawa rahisi, ikapakwa kwenye mkate wa vibarua mahali pa siagi. Lakini ardhi ya pamoja walikochuma ilikuwa ikitoweka. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuizungushia ua ardhi ya aina hiyo na kuikabidhi kwa wamiliki binafsi. Maskini wakabakiwa na beri za kandokando ya njia. Desturi ya kuchuma haikufa, ila ilikosa mahali pa kusimama.

Uswidi nayo iligawa upya ardhi ya vijiji katika karne hiyohiyo, lakini mgawanyo huo haukugusa beri. Sheria ya Adhabu ya 1864 iliorodhesha vitu ambavyo mtu haruhusiwi kuvitwaa katika msitu wa mwenzake, na mtindo huo umeendelea hadi sheria inayotumika leo, iliyotungwa mwaka 1962. Humo vimetajwa miti, majani, matawi, magome, njugu na utomvu, pamoja na mawe na changarawe. Beri hazimo, wala uyoga haumo. Kutokana na ukimya huo wanasheria wakahitimisha kwamba kisichokatazwa ni halali. Na ukimya huo ulikuwa na uzito, kwa sababu miaka mitatu tu baadaye, 1867 na 1868, njaa kali iliipiga nchi na kuwasukuma maelfu ya watu kuhamia Marekani. Beri nyekundu ya lingon ilifaa hasa kwa mtu asiye na fedha: ina asidi ya asili inayozuia kuoza, hivyo ilihifadhiwa katika mtungi wa maji, bila sukari, ikaliwa na uji au samaki kipindi chote cha baridi.

Ugomvi ulianza beri zilipogeuka kuwa pesa. Reli kuu ya Stockholm hadi Göteborg ilikamilika mwaka 1862, nyingine zikafuata, na kuelekea mwisho wa karne lingon ikawa inasafirishwa kwa wingi kwenda Ujerumani. Hapo wenye misitu, hasa wa kusini, wakaanza kuhesabu. Kitu ambacho jana kilikuwa chakula cha wajane na watoto, leo walikiona kuwa mali yao inayoibwa mchana kweupe. Hoja zikapelekwa Bungeni kutaka beri zitangazwe kuwa mali ya mwenye ardhi. Hoja yao haikuwa dhaifu: kama mti ni wangu na jiwe ni langu, kwa nini tunda linaloota kati yake liwe la mpita njia, tena auze? Jibu la upande wa pili lilikuwa na nguvu zaidi. Mwenye msitu hakuipanda lingon, hakuipalilia, na mara nyingi hana mikono ya kuichuma; ikikatazwa itaozea chini, na mamia ya kaya zitakosa senti za viatu na unga. Hoja za wenye misitu zilishindwa Bungeni. Mwaka 1901 Elsa Beskow, mzaliwa wa Stockholm, alitoa kitabu cha watoto kuhusu kijana Putte anayekwenda msituni kumtafutia mama yake beri. Kitabu hicho kinasomwa mpaka leo, na kwa wasomaji wake uchumaji wa beri ni jambo la kawaida kabisa.

Yaliyofuata ni ya juzijuzi. Mwaka 1994 haki ya kila mtu iliingizwa katika katiba. Tangu miaka ya 2000, maelfu ya wachumaji kutoka Thailand wamekuwa wakiletwa kila kiangazi, na malalamiko kuhusu ujira na madeni yao yamefika mahakamani Uswidi na Ufini. Wapo wanaosema hali hiyo inathibitisha kwamba haki yenyewe imepitwa na wakati na inawanufaisha wafanyabiashara tu. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Anayemnyonya mchumaji ni mwajiri na mkopeshaji. Dawa yake ni sheria ya kazi yenye meno, si kumnyang'anya bibi wa Husby ndoo yake. Wengine huuliza: nani anahitaji beri za porini wakati duka liko mlangoni? Lakini haki haipimwi kwa wingi wa wanaoitumia mwaka huu. Hata sheria ya kodi inaitambua: mtu anaweza kuuza beri alizochuma mwenyewe hadi krona 12,500 kwa mwaka bila kukatwa kodi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kulitafakari hili. Wakati Waswidi wakibishana juu ya lingon, Wajerumani walitangaza amri ya misitu ya 1904 katika koloni lao la Afrika Mashariki, wakatenga hifadhi ambamo wenyeji walizuiwa kuchukua walichozoea kuchukua. Serikali za uhuru za eneo hili, hata nje ya koloni hilo, zilirithi fikra ya namna hiyo. Iliwachukua Waogiek wa Kenya, warina asali wa msitu wa Mau, hadi Mei 2017 kusikia Mahakama ya Afrika jijini Arusha ikitamka kwamba haki zao zimevunjwa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: Uswidi, kwa jambo hili, iliwapa maskini haki yao.

Kwa hiyo inasikitisha kwamba Husby inatajwa magazetini zaidi kwa ghasia za Mei 2013 kuliko kwa bonde lake. Wahamiaji wa leo ndio walio karibu zaidi na wale ambao haki hii iliwaokoa: watu wasio na ardhi, wanaohesabu senti. Jiji lililojua kulilinda bonde linapaswa pia kuifundisha haki hiyo, shuleni na kwenye mabango, kwa Kiswidi, Kisomali, Kiarabu na Kiswahili. Haki isiyojulikana na wenye kuihitaji ni rahisi kufutwa, na safari ijayo hoja ya kuifuta itakapofika Bungeni, lazima wawepo watu wa kuisimamia.