Marimba Hayakukosea

Hapa Goma twasikia bado watu wakisema ati ala za wazee zalia ovyo, maana hazilingani na kinanda cha kanisani. Mwingereza Hugh Tracey, aliyerekodi nyimbo za Wanande wa Kivu mwaka 1952, alikuwa amekwisha kuyapima marimba ya Wachopi wa Msumbiji. Alitumia vyuma 54 vya panda mbili, kila kimoja kikimzidi mwenzake mitetemo 4 tu kwa sekunde. Sikio zima huitambua tofauti hiyo, hata iliyo ndogo zaidi. Akakuta nini? Fundi, bila kipimo ila sikio lake, aligawa nafasi ya toka do hadi do kwa hatua 7 karibu sawasawa. Kumbe kinanda ndicho chenye hatua zisizolingana: mi na fa zimekaribiana kuliko do na re.