Mji na Ng'ambo: Ardhi Chini ya Nyumba za Unguja

Mtu aliyekusudia kununua nyumba katika mji wa Unguja, tangu zama za Seyyid Said bin Sultan hadi katikati ya karne ya 20, alikuwa na maskani mbili za kuchagua, na baina ya maskani hizo palikuwa na maji. Magharibi, juu ya rasi inayotazama bandari, palikuwa Mji wenyewe, na mashariki, nyuma ya hori la maji ya chumvi lililoitwa Pwani Ndogo, ilikuwa Ng'ambo. Daraja iliyovuka hori hilo ndiyo iliyopapa mahali jina la Darajani, na jina limebaki ijapokuwa hori lilifukiwa kidogo kidogo hata likatoweka katika miaka ya 1950. Aghalabu wasimulizi husema kwamba huku walikaa matajiri na kule mafakiri, nao wakatosheka na kauli hiyo. Lakini mnunuzi mwenye busara alijua kuwa tofauti kubwa ya pande mbili hizi ilikuwa katika haki ya ardhi iliyobeba nyumba.

Seyyid Said alipohamishia dola yake Unguja kutoka Maskati, katika muhula wa miaka ya 1830 na 1840, biashara ya karafuu, pembe na watumwa ilivuta matajiri wa Oman, wa Hadhramaut na wa Bara Hindi, nao wakajenga Shangani, Malindi, Baghani, Kiponda na Mkunazini majumba ya mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, yenye kuta nene, baraza za nje na milango ya nakshi. Upana wa vyumba uliamuliwa na msitu, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikandaa, na boriti haikuweza kupita urefu wa mti wake. Ndiyo sababu hata katika nyumba ya tajiri mkubwa vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta maji ya mfereji kutoka Chemchem na akajenga jumba la Bait al-Ajaib mwaka 1883, na kwa mambo hayo fahari ya kukaa Mjini ikazidi.

Hata hivyo fahari hiyo ilikuwa na gharama zake. Jiwe la matumbawe hunywa maji, na chokaa isipopakwa upya kwa wakati wake mvua ya masika hupenya ukutani, ikazifikia boriti, zikaoza kimya kimya hata siku dari inapoanguka. Tena nyumba ya Mjini, kwa kuwa ilidumu vizazi kwa vizazi, ilidumu pamoja na warithi wake: baba alifariki akaacha wake na watoto, watoto nao wakaacha wao, na baada ya miaka sitini mnunuzi alilazimika kutafuta ridhaa ya ndugu waliotawanyika baina ya Unguja, Mombasa na Maskati kabla ya kupata hati iliyo salama. Na ikiwa mwenye nyumba wa kwanza alikuwa ameiweka wakfu, basi haikuuzika kabisa, hata kama mlango ulikuwa wazi na msimamizi yu tayari kupokea fedha.

Kule Ng'ambo mambo yalikuwa kinyume. Nyumba zilijengwa kwa miti, fito na udongo, zikaezekwa makuti, zikawa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uwani nyuma kwa ajili ya jiko na kisima. Gharama yake ilikuwa ndogo, na kwa hiyo watu wengi ambao Mjini wangekuwa wapangaji wa chumba kimoja waliweza kumiliki nyumba nzima Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga au Vikokotoni. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi, baadhi yao waliozaliwa utumwani, ambao kwa kodi ya chumba kimoja au viwili walijipatia riziki bila kumtegemea mume wala bwana. Siti binti Saad, aliyetoka shamba akawa mwimbaji mashuhuri wa zama zake, alikuwa mkaazi wa Ng'ambo.

Lakini mwenye nyumba wa Ng'ambo aghalabu hakuwa mwenye kiwanja. Ardhi ilikuwa milki ya watu wa Mjini, au ilikuwa wakfu, na katika karne ya 19 wenyewe waliwaacha watumwa, mahuru na wafuasi wao wajenge bila malipo, kwa kuwa tajiri wa siku zile alihesabu heshima yake kwa wingi wa watu waliomzunguka. Utumwa ulipofutwa kwa amri ya mwaka 1897, na mji ukakua, hesabu hiyo ikabadilika: kiwanja kikawa mtaji, kodi ya ardhi ikaanza kudaiwa, kisha ikapandishwa mara kwa mara, na asiyelipa akashitakiwa katika mahakama za serikali ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kulipa, wakisema kwamba nyumba ni zao na kwamba babu zao walikaa pale kwa ihsani isiyo na deni. Baadhi yao wakatiwa mbaroni, umati ukaenda gerezani kuwatoa, na serikali, ilipoona hatari, ikaweka sheria ya kuzuia kodi hizo zisipande ovyo.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaligeuza mizani. Ardhi ikawa mali ya serikali, majumba mengi ya Mjini yakatwaliwa na kugawiwa familia nyingi kwa pamoja, na Ng'ambo ikavunjwa nyumba za udongo ili kupisha majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Jumba la Mjini lililokuwa na bwana mmoja sasa lilikuwa na wapangaji kumi na hapana hata mmoja mwenye wajibu wa paa, na mengi yakaanguka. Mamlaka ya hifadhi ya Mji Mkongwe, kama Mji unavyoitwa siku hizi, iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini sehemu ya Bait al-Ajaib yenyewe ilianguka Disemba 2020.

Basi tukilinganisha pande hizi mbili kwa insafu, hatuwezi kusema kwamba jiwe lilimlinda mkaazi wa Mjini kuliko udongo ulivyomlinda mkaazi wa Ng'ambo. Wa kwanza aliponzwa na wingi wa warithi na mwishoni na amri ya dola. Wa pili aliponzwa na kiwanja ambacho hakuwa nacho. Hata leo, kwa sheria ya mwaka 1992, mtu wa Zanzibar hupewa haki ya kutumia ardhi, ilhali ardhi yenyewe ni ya umma, na nyumba za wakfu na za serikali zingali nyingi kandokando ya zile za watu binafsi. Kwa hiyo namwusia anayetafuta nyumba, Shangani au Kikwajuni, asianze kuhesabu vyumba wala kugonga kuta: aulize kwanza kiwanja ni cha nani, warithi ni wangapi, na nani mwenye wajibu wa kutengeneza paa, na asitoe fedha mpaka majibu yote matatu yameandikwa na kushuhudiwa.